Namba 7 Kati ya Wangapi? Somo Fupi Kuhusu Orodha za Vipaji



Mhariri ameniomba somo la takwimu ambalo hata watu wa sheria na fasihi wataweza kulimaliza bila kusinzia. Nimechagua orodha za vipaji, yaani zile orodha zinazompa kijana namba au nyota kabla hajaota ndevu, na kutuambia huyu atafika na yule hatafika. Sababu ya kuchagua ninayo. Kuna familia ya mwenzetu mmoja hapa Braamfontein ambayo miezi michache iliyopita ilikuwa karibu kuuza kiwanja kwa ajili ya namba moja tu, namba 7. Habari hiyo nitaifikia. Kwanza tupime chombo chenyewe.

Twende Marekani, kwa sababu huko ndiko kazi ya kuwapanga vijana kwa namba imekuwa biashara kamili. Mchezo ninaousema ni ule mpira wao wa kofia ngumu, unaoshikwa mikononi karibu muda wote na bado wenyewe wanauita mpira wa miguu. Kule vyuo vikuu ndivyo vinavyolea wachezaji wa ligi kuu, NFL, na si mchezo wa kitoto: uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 100,000, unaushinda hata FNB Stadium ya hapa kwetu. Wavulana zaidi ya milioni moja hucheza mchezo huo sekondari, na kila chuo kinawataka wale wachache walio bora. Basi zikazaliwa kampuni za kuwapima: Rivals, 247Sports, ESPN, On3. Kijana anapewa nyota. Tano ndizo za juu kabisa, na wanaozipata ni kama thelathini hivi kwa mwaka, nchi nzima. 247Sports huchanganya maoni ya kampuni mbalimbali na kutoa alama ya namna hii: 0.9834. Ikumbukeni hiyo desimali, tutairudia.

Wanapimaje? Wanatazama video za mechi. Wanakwenda kwenye kambi ambako vijana hukimbizwa yadi 40 (mita 36 na nusu hivi), hurukishwa, hupimwa urefu, uzito, na hata upana wa kiganja. Wanaongea na makocha. Halafu, na hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, wanaangalia ni vyuo gani vimeshamwita huyo kijana. Chuo kikubwa kikimtaka, nyota huwa haichelewi kuongezeka.

Mabishano ya kila mwaka ni yale yale. Upande mmoja unasema nyota ni upuuzi mtupu, na ushahidi wao ni J.J. Watt. Jamaa huyu alitoka sekondari na nyota mbili, akaenda Central Michigan, akaacha, akarudi nyumbani kusambaza piza, halafu akaingia Wisconsin bila udhamini wa masomo. Baadaye alichaguliwa mara tatu kuwa mlinzi bora wa NFL, mwaka 2012, 2014 na 2015. Au wanamtaja Josh Allen, ambaye alipomaliza shule kule Firebaugh, California, hakuna chuo kikubwa hata kimoja kilichomwita. Akaanzia chuo kidogo cha Reedley, akaenda Wyoming, na msimu wa 2024 akawa mchezaji bora wa ligi nzima.

Upande wa pili nao haukosi ushahidi. Wanakuhesabia mabingwa wa vyuo kuanzia msimu wa 2014 hadi 2024: Ohio State, Alabama, Clemson, LSU, Georgia, Michigan, wengine mara mbili mbili na zaidi. Kila mmoja wao, katika mwaka aliotwaa ubingwa, zaidi ya nusu ya vijana aliowasajili miaka minne iliyotangulia walikuwa wa nyota nne au tano. Miaka kumi na moja bila kukosea! Ni msimu wa 2025 ndipo Indiana, chuo ambacho hakikuwa hata karibu na kiwango hicho, kikauvunja mwiko.

Sasa nani mkweli? Wote wawili, bwana. Chukua kalamu.

Namba nitakazotumia hapa ni za mfano, nimezibuni ziwe rahisi kujumlisha, usizinukuu mahali kama takwimu. Tuseme kuna vijana 1,000. Kati yao 20 wana nyota tano, 180 wana nyota nne, na 800 waliobaki wana nyota tatu kushuka chini. Tuseme nusu ya wale wa nyota tano wanafika ligi kuu: hao ni 10. Wa nyota nne anafika mmoja kati ya watano: hao ni 36. Wa chini anafika mmoja kati ya ishirini: hao ni 40. Jumla ya waliofika ni 86.

Mshabiki wa Watt anawaangalia hao 86 na kuona kwamba 40, karibu nusu, walitoka kwenye kapu la chini, na wenye nyota tano ni 10 tu. Anacheka. Mwenzake anaangalia kinyume: ukiwa na nyota tano una nafasi moja kati ya mbili, ukiwa chini una nafasi moja kati ya ishirini, tofauti ya mara kumi. Naye anacheka. Hesabu ni ile ile. Mmoja anauliza, kati ya waliofika, wangapi walitoka chini? Mwingine anauliza, kati ya walio juu, wangapi walifika? Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huyachanganya maswali haya mawili kila mwaka, na siwalaumu, maana magazeti nayo huyachanganya kila Jumatatu.

Angalia lakini ni nani anayefaidika na orodha ya namna hii. Kocha wa Alabama anasajili vijana ishirini na kitu kwa mwaka. Nusu ya wenye nyota tano wakiharibika, hana shida, nusu nyingine itamletea kombe. Yeye ananunua kwa jumla, kwa hiyo anaishi kwa wastani. Mzazi hanunui kwa jumla. Ana mtoto mmoja wa kupeleka, na mtoto huyo ama atafika ama hatafika; hakuna mtoto anayefika kwa asilimia hamsini. Orodha inayoaminika kabisa mikononi mwa kocha inaweza kuwa bahati nasibu mikononi mwa mama, na wala hakuna aliyedanganya. Ningependa hili likae vichwani mwenu hata kama mengine yote yatasahaulika.

Turudi kwenye ile 0.9834. Wenye kupita barabara ya Mombasa wanaujua mzani wa malori pale Mariakani. Ni mzani mzuri kwa kazi yake. Utakuambia lori hili limezidisha uzito, lile halijazidisha. Sasa jaribu kuupeleka ukapimie kilo mbili za sukari. Utapata namba, ndiyo, lakini namba hiyo haina maana, kwa sababu chombo hakikujengwa kuona tofauti ndogo kiasi hicho. Orodha za vipaji ni mzani wa malori. Zinaweza kumtenganisha kijana wa nyota tano na wa nyota mbili. Zinapojaribu kutuambia kwamba namba 14 ni bora kuliko namba 31, zinapima sukari. Sisi maabara ukileta kipimo chenye desimali nne bila kueleza kinaweza kukosea kwa kiasi gani, msimamizi anakurudishia karatasi yako bila hata kuisoma.

Sasa tuje hapa tulipo. Afrika Kusini mchezo wa namna hiyo ni raga. Tangu mwaka 2008 vyuo vikuu vina ligi yao, Varsity Cup, iliyoanza na vyuo vinane, na mechi zake huchezwa Jumatatu usiku. Waliopanga vyumba karibu na viwanja vya Wits wanajua ninachosema. Wachezaji wanatoka kwenye shule chache zenye majina makubwa, kama Grey College ya Bloemfontein, Paarl Boys' High, au Affies ya Pretoria. Mzani mkuu wa taifa ni Craven Week, mashindano ya majimbo kwa vijana wa chini ya miaka 18, yaliyoanza mwaka 1964 na kupewa jina la Danie Craven. Hapo ndipo wasaka vipaji hukaa na madaftari yao. Chini yake yapo mashindano ya miaka 16, yanayoitwa Grant Khomo, na chini zaidi yapo ya watoto wa shule za msingi, chini ya miaka 13.

Watafiti wa hapa hapa Afrika Kusini walifanya jambo ambalo kila mtu alipaswa kulifanya siku nyingi. Walichukua majina ya watoto karibu 350 walioteuliwa na majimbo yao kucheza yale mashindano ya chini ya miaka 13 mwaka 2005, wakasubiri. Mwaka 2008 wakatazama nani ameteuliwa tena kwenye ya miaka 16, na mwaka 2010 nani yupo Craven Week. Matokeo yalichapishwa 2011. Katika ya miaka 16 walionekana chini kidogo ya theluthi. Craven Week walifika karibu robo, asilimia 24.

Yaani, kati ya kila watoto wanne ambao mwaka 2005 wazazi wao walipiga simu kwa mashangazi na wajomba kusema mtoto ameteuliwa jimbo, watatu hawakuonekana kwenye mashindano makubwa miaka mitano baadaye.

Msikimbilie kusema orodha ya watoto ni takataka. Robo si kidogo. Ukichukua watoto wengine 350 wowote kutoka shule za Afrika Kusini, usitegemee robo yao wafike Craven Week. Pengine asifike hata mmoja. Kwa hiyo walimu waliowateua watoto wale waliona kitu. Walichokiona ndicho cha kujiuliza: ni kipaji, au ni nini?

Hapa niruhusuni niongee kama mtu wa zege. Tukimwaga zege la nguzo au la sakafu, tunajaza pia vibao vya chuma tupate michemraba midogo, tunailaza kwenye maji, halafu tunaivunja kwa mashine kuona nguvu yake. Nguvu inayoandikwa kwenye mkataba ni ya siku 28. Lakini hakuna mkandarasi anayetaka kusubiri siku 28, kwa hiyo tunavunja baadhi siku ya 7 na kukisia. Kwa saruji ya kawaida, nguvu ya siku 7 huwa kama theluthi mbili ya ile ya siku 28. Tunakisia vizuri kwa sababu tabia ya saruji tunaijua, na michemraba yote imelazwa kwenye maji ya aina moja, joto moja.

Huku Afrika Kusini kuna jambo la ziada. Umeme mwingi hapa unatokana na makaa ya mawe, kwa hiyo majivu laini ya kwenye vituo vya umeme yanapatikana tele na huchanganywa na saruji. Zege la majivu ukilivunja siku ya 7 unaweza kuona aibu. Linaonekana goigoi. Lisubiri mpaka siku ya 90, mara nyingi utakuta limelifikia zege la kawaida au limelipita, maana majivu hufanya kazi yake taratibu. Mhandisi asiyejua kilichochanganywa, akaamua kwa kipimo cha siku ya 7 peke yake, atalikataa zege zuri.

Mtoto wa miaka 13 ni mchemraba wa siku ya 7, na hatujui kilichochanganywa humo ndani. Wavulana wawili wenye umri mmoja kwenye cheti wanaweza kutofautiana miaka mitatu na zaidi kimwili; mmoja ameshavunja sauti na ana mapaja ya mtu mzima, mwingine bado mama anamnunulia nguo za watoto. Kwenye raga, unadhani nani atateuliwa? Hata mwezi wa kuzaliwa una sauti. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba wachezaji vijana wa hoki ya barafu kule Kanada walizaliwa kwa wingi kupita kiasi katika miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa sababu umri huhesabiwa kuanzia Januari 1. Aliyezaliwa Januari ana karibu mwaka mzima wa kukua kumzidi wa Desemba, na wote wamo kundi moja. Tulicho nacho kwenye daftari la msaka vipaji, kwa sehemu kubwa, ni nani amekua kwanza. (Na hapo nimechukulia kwamba vyeti vya kuzaliwa ni vya kweli. Kwetu tunajua vyeti vingine huzaliwa baada ya mtoto. FIFA haikuanza bure mwaka 2009 kuwapiga vijana wa Kombe la Dunia la miaka 17 picha za kifundo cha mkono.)

Kuna kosa lingine kubwa kuliko la umri. Mzani hupima kile tu kilichopandishwa juu yake. Miaka ya mwanzo Craven Week ilikuwa ya wavulana weupe peke yao. Walio wengi katika nchi hii hawakuwa na namba yoyote, si kwa sababu walipimwa wakashindwa. Sheria zile zimekwisha, ila barabara za kwenda kwenye mzani bado ni zile zile chache. Makazole Mapimpi alikulia kijijini Eastern Cape, akasoma shule ambayo wasaka vipaji hawakuwa na njia ya kupitia, hakuwahi kucheza Craven Week. Aliivaa jezi ya Springboks kwa mara ya kwanza mwaka 2018, akiwa na miaka 27. Novemba 2, 2019, kule Yokohama, alikuwa Mwafrika Kusini wa kwanza kufunga trai katika fainali ya Kombe la Dunia, siku walipowafunga Waingereza 32 kwa 12.

Sisi pia tunao. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, katika nchi ambayo kila msaka vipaji alikuwa anatafuta wakimbiaji, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia Beijing kwa mita 92.72. Daniel Adongo wa Nairobi, aliyecheza raga hapa Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kuucheza mpira wa Kimarekani hata siku moja, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Nyota zake za sekondari zilikuwa ngapi? Hazikuwepo. Lakini tusimgeuze kuwa hadithi tamu kupita ukweli: alicheza mechi chache tu, na mwaka 2015 Colts walimwacha. Kutokuwa kwenye orodha si dawa.

Na kwa haki, orodha nayo ina watu wake. Eliud Kipchoge alikuwa na miaka 18 tu alipowashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5,000 kule Paris mwaka 2003, na mwaka huo huo alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa vijana. Aliyempa nyota tano siku ile hakukosea hata kidogo. Ila Güllich na wenzake, walipokusanya tafiti 51 zenye wanamichezo zaidi ya 6,000 wa nchi mbalimbali, waliona kwamba waliong'ara wakiwa wadogo na waliofika kileleni cha dunia wakiwa watu wazima kwa kawaida hawafanani: wa kileleni wengi walicheza michezo mingine utotoni, walichelewa kuingia kwenye mchezo wao mkuu, na mwanzoni walipanda polepole. Zege la majivu.

Halafu kuna jambo linalonisumbua zaidi ya yote kama mtu wa vipimo, nalo ni kwamba orodha haikai pembeni ikitazama. Siya Kolisi alionekana kwenye mashindano ya watoto Mossel Bay akiwa na miaka 12, akapewa udhamini kwenda shule za Grey, Port Elizabeth. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akilala na njaa Zwide. Baada ya hapo akapata chakula, kitanda, makocha, gym, Kiingereza. Mwaka 2018 akawa nahodha wa kwanza mweusi wa Springboks, na makombe mawili ya dunia yakafuata, 2019 na 2023. Je, yule aliyemwona Mossel Bay alitabiri, au alimlisha? Naamini yote mawili, na hakuna hesabu ya kuyatenganisha kwa mtu mmoja. Maana yake, tunapoona walioorodheshwa wanafanikiwa kuliko wasioorodheshwa, sehemu ya tofauti hiyo imetengenezwa na orodha yenyewe. Mzani unaomwongezea kilo kila anayepanda, ukampokonya kidogo anayebaki chini, siku zote utaonekana sahihi.

Hata sisi tuliopo hapa chuoni tumepitia mzani wa aina hiyo. Kenya walifuta upangaji wa shule na watahiniwa mwishoni mwa 2014, ukaja kurudi, na mtihani wenyewe wa KCPE ukafanywa kwa mara ya mwisho 2023. Tanzania, NECTA iliacha kutangaza kumi bora mapema 2023. Sina nafasi ya kuingia huko leo, ni mada ya makala nyingine.

Sasa ile namba 7. Dada mmoja wa jumuiya yetu, anayesoma shahada ya pili, ana mdogo wake Nairobi, ana miaka 13, anacheza raga. Wakala mmoja alimwona kwenye mashindano ya wikiendi moja, na wiki mbili baadaye mama yao akapokea karatasi nzuri ya rangi: mtoto wenu ni namba 7 Afrika Mashariki, chini ya miaka 14. Kuna shule ya bweni huku Gauteng inaweza kumchukua, lakini kwanza ada ya kambi ya majaribio, nauli, na amana. Shule yenyewe haikuwa imeandika neno. Mama akaanza kuulizia bei ya kiwanja. Dada akanikamata nje ya maktaba: "Kaka, wewe si mtu wa hesabu? Niambie, namba 7 ni nini?"

Nikamwambia sijui, na wakala naye inabidi tumpime. Tukakaa tukaandika barua fupi ya heshima. Tuliuliza: namba 7 kati ya wangapi, na waliopimwa walitoka shule zipi? Uganda na Tanzania walikuwemo, au Afrika Mashariki ni Nairobi na viunga vyake? Mtoto alipimwa mara ngapi, na nani? Kama alipimwa mara moja tu, siku moja, uwanja mmoja, basi hata mtu aliyempima hajui kama wiki iliyofuata angekuwa namba 7 au namba 40. Tukauliza tarehe za kuzaliwa za wale kumi wa kwanza, miezi tu inatosha. Na tukaomba orodha ile ile ya miaka mitano iliyopita, majina yote, si ya waliofanikiwa peke yao, tujue wako wapi leo. Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Anayetengeneza orodha kila mwaka kwa nia njema ana orodha za zamani, na angependa kuzikagua mwenyewe kabla ya mtu mwingine.

Wakala alijibu kwa picha ya kijana mmoja aliyevaa sare ya shule, anatabasamu, na maneno kwamba nafasi zinajaa.

Kijana yule katika picha huenda ni wa kweli kabisa. Nampongeza. Lakini tuliomba kapu zima, tukaletewa embe moja lililoiva.

Dada alimpigia mama yake simu siku hiyo hiyo, nami nikawa nimekaa pembeni nasikiliza upande mmoja wa mazungumzo. Hakumwambia mtoto hana kipaji. Huenda anacho, ni mzito kwa umri wake, ana kasi, na amezaliwa Februari, mambo ambayo tayari mnajua namna ya kuyasoma. Alichomwambia ni kwamba shule inayomtaka mtoto kweli huandika yenyewe, hubeba ada yenyewe, na husema kwa maandishi itakuwaje akivunjika goti kidato cha pili. Mama akauliza mara tatu kama nafasi itapotea. Dada akasema, "Mama, inaweza kupotea." Kiwanja mpaka sasa kipo, na mtoto anacheza na shule yake, na jioni anacheza mpira wa kikapu, jambo ambalo baba yake analiona ni kupoteza muda na mimi siliafiki hata chembe.

Nina ombi. Huku wana ile hesabu ya watoto wa 2005. Kwetu sijaiona inayofanana nayo, wakati michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, hukusanya vijana wa nchi zetu na timu huwa na majina yaliyoandikwa. Mwenye orodha za wachezaji za miaka ya nyuma, za raga, soka au riadha, hata kama ni karatasi iliyochakaa iliyobaki kwa mwalimu wa michezo wa shule yako ya zamani, aniletee au amwachie mhariri. Nahitaji jina, shule, mwaka na tarehe ya kuzaliwa tu. Tukipata majina mia mbili ya mwaka mmoja tunaweza kukaa wikiendi mbili, tukawatafuta mmoja mmoja, na kuhesabu wenyewe.